Kompyuta haihami kwa kunakili mafaili pekee

Mwanafunzi anayekamilisha tasnifu yake huko Kikuyu, mjini Dodoma, ambako Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilifunguliwa mwaka 2007 katika eneo la iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, huweza kupoteza kazi ya miezi kadhaa diski ya kompyuta yake ikiharibika.

Diski inapoanza kugonga au kusuasua, wengi hununua mpya na kunakili mafolda yote. Wakiifunga, kompyuta hukwama. Sababu ni kwamba taarifa zinazoiongoza mashine kuupata mfumo endeshi huhifadhiwa mahali pasipoonekana miongoni mwa mafolda hayo.

Njia sahihi ni kunakili diski nzima kwa programu maalumu. Clonezilla, kwa mfano, hutolewa bure na huendeshwa kutoka kwenye flashi. Kwa kawaida hudai diski mpya isiyopungua ukubwa wa ile ya zamani. Lakini diski iliyokwisha kuchoka isianzishiwe kazi hiyo ndefu, kwani yaweza kuimaliza kabisa. Tasnifu itolewe kwanza.

Hatari kubwa zaidi hutoka kwa mtumiaji mwenyewe. Akikosea kuchagua ipi inanakiliwa na ipi inapokea, diski tupu huifuta iliyojaa, na hapo hata fundi hodari huishia kutikisa kichwa. Kwa waya wa USB 2.0, gigabaiti 500 huchukua takribani saa nne. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, umeme ukikatika kazi huanza upya.

Diski ya zamani isifutwe hadi mpya iwe imeiwasha kompyuta peke yake.