Uzi Ulionyamaza

Mwaka jana nilijiandaa kupiga gitaa la umeme peke yangu mbele ya wenzangu ukumbini na, kwa njia ya intaneti, mbele ya wanafunzi wetu wa zamani walio mbali. Jioni ile uzi wa kwanza ukakatika. Kwa haraka nikafunga mshipi wa kuvulia samaki mahali pake. Nilipopiga, uzi ule haukutoa sauti katika spika. Wimbo ukawa kama kinywa chenye mapengo, nikaona haya.

Mwalimu wa sayansi alinieleza sababu. Chini ya nyuzi pana sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika, huitikisa nguvu ya sumaku, na umeme mdogo huzaliwa katika waya. Jambo hilo Faraday aliligundua mwaka 1831 huko Uingereza. Umeme huo ndio ukuzwao ukawa sauti. Lakini mshipi ni nailoni, sumaku haiutambui.

Basi nikafumua waya wa breki ya baiskeli, nikatoa uzi mmoja wa chuma. Juma lililofuata nilipiga tena, na walio mbali wakasikia. Wenzangu, kabla ya kulaumu chombo, jifunzeni kinavyofanya kazi.