Jumba la Mkutano na Redio ya Mtaa: Jinsi Habari Zinavyowafikia Watu wa Eastlands

Msomaji aliyeko shambani hupata habari za kwao bila gharama. Asubuhi huzisikia kisimani, adhuhuri huzisikia sokoni, na Jumapili baada ya ibada chifu au karani wake husimama chini ya mti akasema lililo la kusemwa. Mtu huyo huyo ajapo Nairobi akapanga chumba katika mitaa ya mashariki, ile iitwayo Eastlands, huona ajabu. Yumo kati ya maelfu ya watu, wala hajui maji yatafungwa lini, zahanati ipi ina dawa ya watoto, wala nani amefariki katika safu ya nyumba inayotazamana na yake. Makala haya yaeleza jinsi wenyeji wa mitaa hiyo walivyoitafutia shida hiyo dawa, tangu enzi za majumba ya mikutano mpaka hizi za redio ndogo ndogo. Jambo lenyewe lafaa kufikiriwa sasa, kwa sababu mipango ya kubomoa nyumba za zamani na kujenga majumba marefu mahali pake imekwisha kuanza.

Mtaa wa kwanza uliopangwa na Baraza la Mji kwa ajili ya Waafrika ulikuwa Pumwani, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Huko watu walipewa viwanja wakajijengea wenyewe, na sehemu ile ingali yaitwa Majengo. Karibu na mwisho wa miaka ya 1930 kijiji cha zamani cha Pangani kilibomolewa, na wengi wa watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Ziwani, Starehe na Kaloleni zilifuata katika miaka ya 1940. Kisha Bahati, Mbotela, Ofafa, Jericho, Jerusalem na nyinginezo. Majina mawili katika hayo ni ya watu: Bwana Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka wa 1952, na Bwana Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka wa 1953. Wote wawili walikuwa madiwani wa Nairobi. Vijana wengi wazaliwa wa mitaa hiyo hutaja majina hayo kila siku kwa makondakta wa matatu bila kujua kwamba wanataja marehemu.

Ili mtu aelewe kazi ya jumba la mkutano, yampasa kwanza akitazame chumba. Nyumba nyingi za kwanza hazikujengwa kwa ajili ya watu wenye jamaa. Zilijengwa kwa mfanyakazi mmoja mmoja, ambaye wakubwa walidhani atafanya kazi miaka michache kisha arudi kwao. Aghlabu watu watatu au wanne walilala katika chumba kimoja, wakashiriki bomba la maji, choo na mahali pa kupikia pamoja na majirani. Chumba cha namna hiyo hakina sebule. Mgeni akija, huketi kitandani. Wageni watatu wakija, mmoja husimama mlangoni. Basi jumba la mkutano, ambalo watu wa mtaani huliita holi, ndilo lililokuwa sebule ya mtaa mzima. Humo watu walitazama sinema, walicheza dansi, walijifunza kusoma na kuandika jioni, walifunga ndoa na kuchangia fedha za mazishi.

Fedha za huduma kama hizo zilitoka wapi? Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Tangu miaka ya 1920 Baraza la Mji lilikuwa na kilabu chake cha pombe pale Pumwani, na pombe ya kienyeji ilikatazwa kuuzwa na mtu mwingine yeyote. Faida yake ilitiwa katika mfuko wa kuwahudumia Waafrika. Kwa hiyo mnywaji wa Jumamosi ndiye aliyemlipia msomaji wa Jumatatu, na sidhani kama yeyote kati yao alipata kumshukuru mwenziwe. Ni heri kidogo kwamba mwaka wa 1926 ilianzishwa vilevile hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyoitwa kwanza kwa jina la Lady Grigg, mke wa Gavana. Hospitali hiyo yaendelea na kazi hadi leo, na watu wasiohesabika wa Nairobi walizaliwa humo.

Mtaa wa Kaloleni ulijengwa kwa fikira tofauti na iliyotangulia. Nyumba zake zilikusudiwa watu wenye jamaa, na katikati ziliachwa nafasi za jumba la mkutano na za huduma nyingine ambazo mtu aweza kuzifikia kwa miguu. Ramani kuu ya Nairobi iliyotolewa mwaka wa 1948 iliieneza fikira hiyo: kwamba mji ugawanywe katika mitaa midogo midogo, kila mmoja na shule yake, maduka yake na mahali pake pa kukutania. Waliochora ramani walitumaini kwamba mtu mwenye mahali pa kucheza na kusoma atakuwa mtulivu. Walisahau kwamba watu waliokusanyika huzungumza.

Mazungumzo hayakukawia. Mnamo tarehe 23 Aprili 1950, chama cha Kenya African Union na East African Indian National Congress vilifanya mkutano wa pamoja katika jumba hilo la Kaloleni. Bwana Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akataka nchi za Afrika ya Mashariki zipewe uhuru kamili. Kabla ya siku hiyo ni wachache mno waliothubutu kulitamka neno hilo hadharani kwa namna hiyo. Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Mei, alikamatwa pamoja na Bwana Fred Kubai, na mgomo mkubwa ukaushika mji. Bwana Makhan Singh alikaa kizuizini mpaka mwaka wa 1961.

Hasara ya kukosa mahali pa kukutania ilionekana miaka minne baada ya mkutano ule. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi na polisi waliizingira mitaa ya mashariki katika operesheni iliyoitwa Anvil, na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa kizuizini. Vyumba vilibaki vitupu, wapangaji wapya wakaingia, na jirani hakumjua tena jirani. Miaka michache baadaye majumba yalirudia sauti yake. Marehemu Tom Mboya, aliyechaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957, aliwahutubia watu wa Nairobi mara nyingi katika jumba la Kaloleni na lile la Makadara. Wakazi wengine walikuwa wakiliita jumba la Kaloleni Bunge, kabla Waafrika hawajawa na Bunge lao.

Lakini tusidhani kwamba kazi ya jumba ni siasa tu. Kazi yake ya kila siku ni ndogo na ya maana zaidi. Bomba likivunjika katika safu moja, watu wa safu hiyo peke yao wakienda ofisini huambiwa warudi kesho. Shida ikisemwa jumbani mbele ya watu mia mbili, na diwani ameketi mbele, hugeuka kuwa shida ya mtaa. Karani aliyekuwapo hawezi kusema kwamba hakusikia. Vilevile ofisa wa afya akitaka watoto wachanjwe, ana mahali pa kuwaeleza akina mama sababu na siku, nao wana mahali pa kumwuliza maswali. Habari yapita pande zote mbili, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu.

Redio ya serikali, kwa miaka mingi, ilipita upande mmoja tu. Sauti ya Kenya, iliyoitwa hivyo tangu mwaka wa 1964, ilifika nchi nzima, na matangazo yake ya vifo yaliwaita watu mazishini kutoka mbali sana. Lakini redio ya nchi nzima haiwezi kueleza habari za bomba la Shauri Moyo. Hapo ndipo lilipozuka wazo la redio ya jamii, yaani redio ndogo inayomilikiwa na watu wa mahali pamoja na kusema mambo yao. Mwaka wa 1982, kwa msaada wa shirika la UNESCO, redio ya namna hiyo ilianzishwa Homa Bay, ikitangaza kwa Kijaluo. Haikuishi sana, serikali iliifunga mwaka wa 1984.

Inafaa kutaja hapa kwamba wakati ule ule watu wengine, walio mbali sana nasi, walikuwa wakishindania jambo hilo hilo. Hao ni Wainuiti, wenyeji wa nchi ya barafu kaskazini mwa Kanada. Kijiji chao kimoja, Igloolik, kiliulizwa mwaka wa 1975 kama chataka televisheni. Kilikataa. Mwaka wa 1979 kiliulizwa tena, kikakataa tena. Watu wale hawakuwa na hofu ya mitambo. Waliona kwamba televisheni ingewaletea maneno ya watu wa kusini, wala hapangekuwa na maneno yao katika lugha yao. Mwaka wa 1981 Wainuiti waliunda shirika lao la utangazaji, na baada ya vipindi vya lugha yao kuanza, Igloolik ilikubali, mwaka wa 1983. Mkazi wa Eastlands hajapata kuona barafu ila katika soda, lakini nadhani sababu ya watu wa Igloolik angeielewa mara moja.

Kwetu, redio iliyofungua njia katika mitaa ya mashariki ilikuwa Koch FM, iliyoanzishwa mwaka wa 2006 na vijana wa Korogocho, karibu na jaa kubwa la taka la Dandora. Studio yao ilikuwa kontena la chuma, kama yale yanayoshushwa melini Mombasa. Walipewa masafa ya 99.9. Redio nyingine ya jamii, Pamoja FM ya Kibera, iliyoanza mwaka wa 2007, ilipewa nambari hiyo hiyo! Wengi hushangaa jinsi redio mbili ziwezavyo kutumia nambari moja katika mji mmoja. Sababu ni kwamba mitambo yao ina nguvu kidogo, na sauti yake hufifia baada ya kilomita chache. Korogocho iko mashariki na Kibera iko magharibi, na katikati ya jiji imo baina yao. Kwa hiyo haziingiliani. Udogo huo, ambao mfanya biashara angeuona kuwa kasoro, ndio faida yenyewe. Mtangazaji ajua kwamba kila amsikiaye aweza kuja kwa miguu kumwambia kwamba amekosea.

Mama aliyepotelewa na mtoto hubisha mlango wa redio kama hiyo, na jina la mtoto na rangi ya nguo zake husomwa baada ya wimbo. Mwenye nyumba akifunga choo cha watu wengi, chifu au diwani huitwa aeleze. Sheria nayo ilikuja baadaye. Mabadiliko ya sheria ya mawasiliano, yaliyoanza kutumika Januari 2009, yalitambua aina tatu za utangazaji: wa umma, wa biashara na wa jamii. Ule wa jamii haukusudiwi faida. Hiyo ndiyo taabu yake pia, kwa kuwa umeme hulipwa kila mwezi, faida iwepo au isiwepo.

Juu ya lugha pana ubishi. Vijana wa Eastlands wana Sheng yao, iliyozaliwa katika vyumba na viwanja hivyo ambako watoto wa makabila mengi walicheza pamoja, na redio huitumia sana. Mimi ni mtu wa Kiswahili cha vitabu, na masikio yangu huumia. Hata hivyo nakiri kwamba tangazo la kipindupindu ni heri lieleweke kwa Sheng kuliko kusifiwa kwa sarufi.

Wengine watauliza kama simu ya mkononi haitoshi. Simu ni ya haraka mno, lakini uvumi nao huenda kwa haraka hiyo hiyo, wala hauna mlango wa kubisha. Wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Pamoja FM ilisifiwa kwa kuwasihi majirani wa Kibera watulie, nao walisikilizwa kwa sababu sauti ile waliijua ni ya nani.

Sasa turudi kwenye majumba. Mji ukiongezeka, nyumba za ghorofa moja hazitoshi. Hilo hapana anayelikana. Wapangaji wengi wa nyumba za zamani wangefurahi kuwa na choo chao wenyewe. Lakini chumba cha ghorofa ya kumi, kama kile cha zamani, aghlabu hakina nafasi ya watu ishirini kuketi. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 35, yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na katika kifungu cha 196 yalitaka baraza la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Mambo hayo hayafanyiki hewani. Yataka paa, viti na mlango usiokuwa na mwenyewe mmoja.

Kwamba mahali pa zamani paweza kutengenezwa badala ya kubomolewa, mfano tayari upo. Maktaba kuu ya McMillan, iliyofunguliwa mjini mwaka wa 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao mpaka mwaka wa 1958. Baadaye maktaba ndogo za umma zilifunguliwa Kaloleni na Makadara, nazo zikachakaa. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka wa 2017 na mabibi wawili wa Kenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilikubaliana na serikali ya kaunti kuzitengeneza. Ya Kaloleni ilikuwa tayari mwaka wa 2020, na ya Makadara ikafuata. Hazikukusudiwa ukimya na vitabu tu. Watoto husimuliwa hadithi humo na watu wazima hukutana.

Ramani za nyumba mpya zikiletwa mtaani, mpangaji ana haki ya kuzitazama. Watu huanza kwa kuuliza kodi itakuwa shilingi ngapi, na ni sawa waulize hivyo. Wakiisha kujibiwa, waombe waonyeshwe kwa kidole, juu ya karatasi ile ile, mahali ambapo mkutano ujao utafanyika.