Ramani Kubwa, Karatasi Ndogo

Ndugu Wanachama,

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu wakulima wa karafuu, ramani ya shamba ni sehemu ya daftari hilo: yaonyesha mipaka, njia, mahali pa kuanikia na safu za mikarafuu. Siku hizi mpimaji aweza kumpa mwenye shamba ramani yake katika kompyuta, na printa ya nyumbani aghalabu yapokea karatasi ya A4 tu. Hapo ndipo penye hatari.

Tuchukue shamba la eka tatu, kama mengi yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Likiwa mraba, kila upande ni kama mita 110. Katika ramani ya kipimo cha 1:250, sentimita moja ni mita mbili na nusu, basi upande huo ni sentimita 44. Upana wa A4 ni sentimita 21 tu. Printa ikiachiwa ifanye itakavyo, huipunguza ramani nzima iingie katika sentimita 19, na huku maandishi ya 1:250 yamebaki vile vile. Mwenye kupima kwa rula atapata mita 47 na nusu badala ya 110. Akitia vigingi vya mpaka au akigawa urithi kwa hesabu hiyo, ameleta ugomvi nyumbani kwake.

Dawa yake ni kuichapa ramani vipande vipande.

Kwanza, weka ukubwa kuwa asilimia 100. Usikubali ramani ibanwe iingie karatasini.

Pili, chagua kuchapa kwa vipande. Katika Adobe Acrobat Reader neno la kubonyeza ni Poster. Acha vipande vilaliane sentimita moja, na uchague alama za kukatia. Printa nyingi hazichapi mpaka ukingoni, hivyo A4 moja hutupa kama sentimita 19 kwa 27.7. Ramani yetu yataka karatasi sita: tatu kwa upana, mbili kwa urefu.

Tatu, kabla ya kutia gundi, zipange karatasi mezani, upime ule mstari wa kipimo uliochorwa na mpimaji. Mstari wa mita 50 hauna budi kuwa sentimita 20 kamili. Ukipungua, anza tena.

Nne, katika kila kiungo kata ukingo wa karatasi moja tu, uilaze juu ya mwenziwe mpaka mistari ikutane. Kisha pima fremu ya ramani toka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo viwili vikiwa sawa, ramani haikwenda upande.

Karatasi hunywa unyevu na kutanuka, hasa wakati wa masika. Ibandike juu ya ubao, wala usiikunje.

Ramani hii yafaa sana kwa kazi. Mikarafuu iliyopandwa futi 30 mti hadi mti itaachana zaidi kidogo ya sentimita tatu na nusu: nafasi ya kutosha kuandika nambari ya kila mti, na kuonyesha mapengo yanayotaka miche. Lakini penye shaka ya mpaka, rula ya nyumbani si hakimu. Yatazameni mawe ya mpaka, na ramani ya asili ya mpimaji.

Wasalaam,
Katibu