Mteja akikwambia "naomba nidundulize", usimjibu kama nilivyomjibu mimi

Leo naongelea neno moja tu: KUDUNDULIZA. Wengine mnalijua tangu utotoni. Mimi sikulijua, na likanikosesha mteja.

Nilikuwa ndo naanza kuuza mashuka kwa WhatsApp. Dada mmoja akaona seti kwenye stetasi yangu, bei 35,000. Akaniandikia: "Kaka, nimeipenda hiyo ya bluu. Naomba nidundulize."

Mimi haraka haraka nikajibu: "Samahani dada, bei zetu hazipungui."

Akasoma, kimya. Hakurudi tena.

Jioni nikamsimulia mama, akacheka sana. "Mwanangu, huyo hakukuomba punguzo. Alitaka kukulipa bei yako yote, ila kidogo kidogo." Nimemaliza fomu foo, Kiswahili nilifaulu, halafu nimemfukuza mtu aliyekuja na hela!

MAANA YAKE

Kudunduliza ni kuweka kidogo kidogo, bila kugusa, mpaka kitu kifike. Mtu anadunduliza hela kwenye kibubu mpaka ananunua cherehani. Mama anadunduliza chenji za sokoni mpaka inapatikana sare ya shule. Mambo matatu lazima yawepo: kidogo kidogo, bila kugusa, na kuna kitu unakilenga. Likikosekana moja hapo, hujadunduliza.

Ndo maana halifanani na maneno mengine ya kuongezeka:

Kuongeza kunaweza kuwa kwa mara moja. Ukipata laki mbili leo ukaitia kwenye biashara, umeongeza mtaji. Hujadunduliza.

Nyongeza ni kile kinachozidi juu ya kilichokuwepo. Mteja akinunua fungu la nyanya akasema "niwekee nyongeza", anataka mbili tatu za juu. Mfanyakazi naye anasubiri nyongeza ya mshahara.

Ongezeko ni neno la kwenye makaratasi. Utalisikia kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, au ongezeko la watu.

Kulimbikiza ni kurundika. Kunaweza kuwa kuzuri, kama kulimbikiza mali. Lakini kwenye taarifa ya habari tunalisikia kwa ubaya: malimbikizo ya mishahara, malimbikizo ya madeni. Deni nalo linakua kidogo kidogo, ila hakuna anayesema "nadunduliza deni".

Sasa tuje kwenye biashara yetu.

1. MTEJA ANAYEDUNDULIZA KWAKO

Hapa wengi tunachanganya. Mteja wa kudunduliza siyo mteja wa mkopo. Angalia nini kinatangulia. Kwenye mkopo, au mali kauli, mzigo unatangulia na hela inafuata, ikifuata. Kwenye kudunduliza hela inatangulia, mzigo unatoka ikikamilika. Wa kwanza anakulimbikizia deni, wa pili anakuamini wewe na hela yake. Kwa hiyo mwenye wasiwasi hapa siyo wewe, ni yeye. Ndo maana unatakiwa umpe maelezo yaliyonyooka tangu mwanzo.

Mimi sasa hivi natuma ujumbe huu:

"Seti ni 35,000. Unaanza na 10,000. Zinazobaki 25,000 unalipa 5,000 kila wiki kwa wiki 5. Ukiwa nayo zaidi, lipa zaidi. Mzigo wako nautenga leo, unauchukua ukimaliza. Ukighairi, nakurudishia hela yako kasoro makato ya kutuma."

Kila akilipa namjibu: "Nimepokea 5,000. Umefikisha 20,000, bado 15,000." Na kwenye daftari naandika hivyo hivyo. Usitegemee kichwa. Wateja wakifika watano utachanganya tu.

2. HELA YAO SIYO YAKO BADO

Hili limeniumiza, nalisema bila aibu ili lisikukute.

Baada ya kulielewa neno nikapata wateja watatu wa kudunduliza kwa mpigo. Nikafurahi. Hela ikawa inaingia kila wiki, 5,000 huku, 5,000 kule, na mimi nikawa naitumia. Bando, nauli, siku nyingine chakula. Nikijisemea mzigo nitaununua wakikaribia kumaliza.

Wawili wakamaliza wiki moja. Naenda Kariakoo na hela pungufu, nakuta bei ya jumla imepanda, na rangi waliyochagua haipo. Mmoja akanivumilia. Mwingine akaniambia, "Kaka, mimi nimejinyima miezi hii yote, wewe ulikuwa unakula tu?" Sikuwa na jibu. Nilikopa kwa rafiki nikamrudishia hela yake yote, na yeye sijamwuzia kitu tena mpaka leo.

Yaani wao walikuwa wanadunduliza kweli. Aliyekuwa hadundulizi ni mimi.

Tangu hapo nina sheria mbili. Moja, sipokei mtu wa kudunduliza kwa kitu ambacho sina mkononi. Nakitenga, naandika jina lake juu ya mfuko. Mbili, hela zao zinakaa kwenye laini nyingine ambayo sifanyii matumizi. Mpaka amalize, hiyo ni amana ya mtu.

3. WEWE NAWE DUNDULIZA MTAJI

Tusisubiri mpaka tupate mkopo ndo tuongeze mzigo. Chukua hesabu yangu:

Seti naipata kwa 25,000. Usafiri na mfuko naweka 1,500. Jumla 26,500. Nauza 35,000, boda ya kumpelekea mteja analipa mwenyewe. Faida 8,500.

Ile 26,500 inarudi kwenye mzigo, haijadiliwi. Kwenye faida natoa 2,000, naitia kwenye kibubu. Zinazobaki 6,500 ndo za kula na bando.

Ukiuza seti 14, kibubu kina 28,000. Hiyo ni seti ya 15, imepatikana bila kukopa mtu na imebaki chenji. Utasema ni kidogo. Ndiyo, ni kidogo! Ila ukiwa na seti 10 za kuonesha kwenye stetasi badala ya 9, na baadaye 11 badala ya 10, mteja anapata cha kuchagua na wewe unauza haraka kuliko mwanzo.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba ni kipimo cha zamani cha nafaka, na vibaba vinne ndo vilikuwa vinafanya pishi moja. Maana yake ukishajaza kibaba kimoja hujamaliza safari, unaanza kingine.

4. KINYUME CHAKE

Wahenga haohao wakasema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hiyo ndo dunduliza iliyogeuzwa. Hakuna anayekula mtaji wote kwa siku moja. Tunauchovya: soda hapa, bando la ziada hapa, kumtumia mtu elfu moja. Ukichovya 3,000 kila siku, siku 30 ni 90,000. Kwa hesabu yangu ya juu, hizo ni seti tatu na chenji zimeliwa. Halafu tunasema biashara ngumu, kumbe buyu tunalo wenyewe mkononi.

Kama hujui hela inaishia wapi, andika kila unachotoa kwa siku saba tu, hata kama ni mia tano. Utashangaa.

KWA HIYO

Kesho mteja akikuandikia "naomba nidundulize", usisome "naomba punguzo" na usisome "naomba mkopo". Anakwambia bei yako ameikubali, anaomba muda. Mpe ratiba, mtengee mzigo wake, na usiguse hela yake mpaka afike.

Yule dada wa seti ya bluu, namba yake ninayo bado. Juzi nimemwandikia kumwomba radhi, nikamwambia sasa hivi tunapokea wa kudunduliza. Hajajibu, na ana haki.

Na wewe kwenye biashara yako, wateja wa kudunduliza unawapokea? Unawawekea masharti gani? Na huko kwenu mnatumia neno gani? Andika hapo chini tujifunze, na mtumie mwenzako anayeuza mtandaoni.