Simu Nne, Ngoma Moja

Korosho zikishauzwa na mkono ukashika kitu, kata ya Chiungutwa wilayani Masasi haikosi shughuli: leo harusi, kesho wali wanatoka jandoni, keshokutwa sindimba inachezwa mpaka vumbi linatanda. Mpigaji akigusa tu ngoma ya chinganga, simu zinapanda juu. Asubuhi yake zinasambaa video nne tano za ngoma ile ile, na ubishi nao unaanza: ya nani imetoka vizuri?

Ubishi huo una mabingwa wake. Mashabiki wa muziki wa roki walishazoea kurekodi maonyesho wakiwa katikati ya watazamaji, kisha wakakaa kulinganisha kanda za usiku mmoja zilizochukuliwa na watu tofauti. Anayetajwa sana ni Mike Millard wa California. Tarehe 21 Juni 1977 aliingia ukumbi wa Forum, jirani na Los Angeles, kwa kiti cha magurudumu ilhali miguu yake ilikuwa mizima. Kiti kilikuwa maficho ya mashine ya kaseti, na kanda aliyoichukua ya Led Zeppelin usiku ule inasikilizwa hadi leo. Kundi la Grateful Dead halikutaka watu wahangaike hivyo: kuanzia Oktoba 1984 liliwatengea wenye mashine eneo lao nyuma ya mitambo ya sauti.

Jambo la kwanza ambalo wasikilizaji hao wamejifunza ni kwamba sikio hudanganywa na ukubwa wa sauti. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kuwa sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi hafifu kuliko ilivyo. Ikiongezwa, besi inajitokeza. Kwa hiyo ukiweka video mbili kwa zamu, ile yenye sauti kubwa itakuvutia hata kama ndiyo mbovu. Kabla ya kuhukumu, punguza kubwa mpaka zilingane. Hatua hiyo peke yake inabadilisha washindi wengi.

Halafu sikiliza vigelegele. Simu nyingi zina kirekebishi kinachojiendesha: sauti kali ikitokea ghafla kinashusha kila kitu, kisha kinapandisha taratibu. Mama akipiga kigelegele karibu na simu, ngoma kubwa inazama papo hapo na kuibuka tena baada ya muda mfupi. Asiyekuwepo ataapa kuwa wapigaji walipunguza mikono. Kumbe simu ya kijana aliyesimama mita kumi kando inaonyesha kwamba hakuna aliyepunguza chochote. Hapo ndipo rekodi mbovu inapoisaidia iliyo nzuri, na ndiyo sababu haifai kufuta nyingine zote baada ya kupata moja inayopendeza.

Chinganga nacho ni kipimo kizuri. Ni ngoma ndogo yenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, na hupigwa kwa fimbo mbili nyembamba. Mlio wake mkavu una sehemu za juu sana, na hizo ndizo zinazopotea mapema. Simu za zamani zilizohifadhi sauti kwa mtindo wa AMR zilichukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo hakuna kilichovuka mitetemo 4,000 kwa sekunde. Ndani ya rekodi kama hiyo chinganga hugeuka kuwa mtu anayegonga boksi. Ukiisikia fimbo yenyewe ikigusa ngozi, basi maiki ilikuwa karibu, na simu ilihifadhi sauti kwa kiwango cha juu.

Wengi hudhani rekodi iliyotoka moja kwa moja kwenye miksa ya fundi mitambo haina mpinzani. Si kweli, hasa katika sherehe za vijijini. Miksa hutoa kile kilichoingia ndani yake tu: sauti ya mshereheshaji, kinanda, mwimbaji mwenye maiki. Ngoma zinazopigwa uwanjani bila maiki hazimo, au zimepenya kwa mbali kupitia maiki ya mwimbaji. Hata wapenzi wa roki wanalijua hili: katika ukumbi mdogo gitaa linanguruma lenyewe jukwaani, fundi halipandishi, na kanda ya miksa inabaki na mwimbaji mkubwa na gitaa dogo. Ndiyo maana wapo wanaounganisha kanda ya miksa na ya watazamaji ili wapate vyote viwili.

Kuunganisha kunahitaji subira. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo simu iliyo mita 34 nyuma zaidi inachelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na pigo moja linasikika mawili. Tafuta kofi moja au pigo moja kavu lililomo katika rekodi zote mbili, uzilinganishe hapo kwa programu kama Audacity, ambayo ni ya bure. Na tahadhari nyingine: spika ikiwekwa mwisho wa uwanja, sauti ya mwimbaji inafika huko mara moja kupitia waya, ilhali ngoma inasafiri hewani. Simu iliyo karibu na spika hiyo itamwonyesha mpiga ngoma amechelewa. Hajachelewa hata kidogo.

Kaseti za zamani zilizobaki majumbani zina shida yake. Betri zikiwa dhaifu wakati wa kurekodi, utepe ulikwenda polepole. Ukichezwa leo kwenye mashine nzima, waimbaji wanapanda juu. Tofauti ya asilimia sita katika mwendo inatosha kusogeza wimbo kwa nusu toni.

Kuhusu faida ya kuwa na rekodi zaidi ya moja, eneo hili lina mfano wa kuumiza. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu, akarekodi nyimbo za Wayao, Wamakua na Wamakonde kwenye mitungi ya nta ya dakika chache tu. Ni hazina kubwa. Lakini pembe ya fonografu ilimeza sauti iliyokuwa mbele yake na kuikosa besi, na hapakuwa na mashine ya pili pembeni. Palipo na ngoma hafifu, msikilizaji wa leo hana pa kupimia kama ni mpigaji au ni pembe.

Chiungutwa ya leo ina mashine hamsini uwanjani, na kinachoharibu rekodi zake ni safari ya baadaye. Video ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na chinganga ndicho kinachotangulia kufa. Itumwe kama dokumenti, au inakiliwe kwa memori kadi kutoka simu iliyorekodi. Yale ya ndani ya jando na unyago yasirekodiwe wala kusambazwa; hayo yana wenyewe. Yaliyochezwa hadharani yaandikwe jina la faili lenye tarehe, kijiji, aina ya simu, na mahali mwenye simu aliposimama: mbele ya ngoma, nyuma ya wachezaji, au chini ya spika.