Mwalimu Kigozi na imani iliyosinzia

Katika shule nyingi za humu nchini, siku huanza kwa sala na kumalizika kwa sala. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukusimulia wito wa Ibrahimu hatua kwa hatua, akakutajia matunda ya Roho pasipo kusahau hata moja, na hatimaye akapata alama ya A katika somo la dini. Nami, niliye mwalimu, humpongeza kwa dhati maana kazi yake ameifanya barabara. Hata hivyo, kila nisahihishapo madaftari ya namna hii, hunijia swali lisilokuwamo katika silabasi: mtu akishazijua habari za Mungu kiasi hiki, ni kitu gani kitakachomfanya aendelee kumtafuta?

Naogopa kuridhika kuliko ninavyoogopa upinzani. Mwenye kupingwa huwa macho. Aliyefanikiwa, akasifiwa, aghalabu hufanya kama yule mgema wa wahenga: tembo akalitia maji.

Historia ya jirani zetu wa Uganda yalidhihirisha jambo hili waziwazi. Tarehe 3 Juni 1886, vijana waliotumikia katika jumba la Kabaka Mwanga, Wakatoliki kwa Waanglikana, waliteketezwa kwa moto huko Namugongo kwa kuwa hawakukubali kuikana imani yao. Siku hizo kubatizwa kulikuwa ni kujihatarisha. Lakini muda si muda mambo yakapinduka. Wakristo ndio waliokuwa machifu, na Mkataba wa 1900 baina ya Waingereza na Buganda ukawamilikisha machifu hao ardhi tele. Shule zilikuwa mikononi mwa wamishenari, na kijana aliyetamani cheo alitambua kwamba jina la ubatizo lilifungua milango. Makanisa yakajaa. Yamkini hakuna aliyekusudia imani ipoe. Ilipoa yenyewe, kama uji uliosahauliwa mezani.

Ndipo akatokea mwalimu mmoja. Blasio Kigozi, Mganda aliyekwenda kuhudumu Gahini nchini Rwanda, alisimamia shule ya kuwaandaa wainjilisti. Kwa macho ya watu hakuwa na upungufu: kazi alikuwa nayo, heshima alikuwa nayo, na wanafunzi alikuwa nao. Mnamo 1935 alijitenga juma zima akiomba. Alipotoka hakuleta mtaala mpya wala kanuni mpya za shule. Aliwaendea aliohitaji kupatana nao, kisha akafundisha yale yale kwa moto mwingine.

Januari 1936 alikuwa tayari kuuhutubia mkutano wa sinodi ya kanisa mjini Kampala. Hoja zake zilikuwa tatu. Ya kwanza ilihusu ubaridi uliokuwa umelikumba kanisa. Ya pili, Meza ya Bwana kutolewa kwa watu walioishi dhambini hadharani. Ya tatu, lipi lifanywe ili uhai urejee. Wito wake ulikuwa neno moja la Kiganda, zukuka, yaani amka. Hakuwahi kulitamka mbele ya mkutano huo. Aliugua homa, akafariki siku chache kabla ya kikao, angali kijana. Hoja zake ziliufikia mkutano bila yeye.

Miaka hamsini tu ilikuwa imepita tangu Namugongo! Kizazi kimoja au viwili vilitosha kuigeuza imani ya mashahidi kuwa desturi ya Jumapili.

Nduguye mkubwa, Simeoni Nsibambi, alikuwa ameanza mapema zaidi kusema maneno kama hayo. Yosiya Kinuka, msaidizi katika hospitali ya Gahini, alimwendea Kampala akiwa na malalamiko chungu nzima kuhusu hali mbaya ya hospitali ile. Nsibambi alimgeuzia swali: je, moyo wake yeye mwenyewe uko katika hali gani? Kinuka alirejea Gahini akiwa mtu mwingine, naye akawa miongoni mwa nguzo za uamsho. Wengi walioguswa walirudisha vitu walivyoiba kazini. Kutubu kulikoishia midomoni hakukuwatosha.

Uamsho huo ulivuka mpaka ukaingia Kenya mwaka 1937. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952, ndugu wengi wa uamsho katika eneo la kati walikataa kula kiapo, na wapo pia waliokataa kubeba bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa. Imani ya namna hiyo haikuwa imejengwa kwa siku moja. Ilikuzwa na vikao vya kila juma ambamo mtu alijieleza mbele ya wenzake kwa uwazi.

Hata hivyo, tusiwapambe kupita kiasi. Uamsho wenyewe nao ulisinzia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Uganda, baadhi ya ndugu waliwashutumu wenzao kwa kulala usingizi, wakajitenga kwa jina la walioamka upya, na mabishano yakaangukia mambo kama uhalali wa kukopa fedha. Ushuhuda nao unaweza kukaririwa mpaka ukawa wimbo usio na habari mpya. Aliyeokoka miaka ishirini iliyopita, na akawa anasimulia siku ile ile moja pekee, hana budi kuulizwa la mwaka huu.

Narudi shuleni. Mwanafunzi hutoka nyumbani na imani ya mamaye, akaitunza kwa miaka minne chini ya kengele na ratiba, kisha akafika chuoni ambako hakuna kengele. Wengi huiacha huko pasipo hata kuikana, hawaioni haja. Sisi walimu nasi tuna kengele zetu. Mwalimu aliyetia sahihi kwamba alifundisha kipindi ambacho hakukiingia, na jioni akaongoza sala, ana mahali pa kuanzia pasipohitaji mhubiri mgeni.

Katika vyama vya Wakristo shuleni, mikesha na vipaza sauti vimezidi. Ningependa kuona vikundi vya watu watano au sita wakisoma Injili moja polepole muhula mzima, bila mtihani mwishoni, na mwalimu ameketi miongoni mwao kama msomaji, kalamu nyekundu ameiacha ofisini.