Kugeuza Maswali ya Kiingereza kuwa Kauli Taarifa

Kauli halisi hunukuu maneno kama yalivyotamkwa. Kauli taarifa huyaeleza kwa sauti ya msimuliaji. Swali linapotiwa katika kauli taarifa huacha kuwa swali, likawa sehemu ya sentensi arifu. Tuchukue swali la abiria katika gati la Kigongo, mkoani Mwanza, zama za kivuko cha kwenda Busisi, kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa mwaka 2025:

Halisi: “When will the ferry leave?”
Taarifa: The passenger asked when the ferry would leave.

Mabadiliko makuu ni haya:

1. Mpangilio: kitenzi kisaidizi hufuata kiima: “the ferry would”, si “would the ferry”. Visaidizi “do”, “does” na “did” huondoka: “Do you sell fish?” huwa “He asked whether I sold fish.”

2. Njeo: kitenzi cha kuripoti kikiwa katika wakati uliopita, “will” huwa “would”, “is” huwa “was”.

3. Kiunganishi: swali la ndiyo au hapana huhitaji “if” au “whether”, lenye kiulizi hubaki na kiulizi chake. Alama ya kuuliza huondolewa.

Kwa nini wanafunzi wengi huandika “He asked me where was I going”? Kiswahili hakibadili mpangilio: “Unakwenda wapi?” huwa “Aliniuliza ninakwenda wapi.” Nafsi imebadilika, mpangilio na njeo vimebaki. Mwanafunzi huhamishia mazoea hayo katika Kiingereza.

Mfasiri naye hukosea kwa upande wa pili. Akiifuata “would” neno kwa neno, ataandika: “Shahidi aliuliza kama fedha zingelipwa.” Vitabu kadhaa vya shule hufundisha kugeuza -ta- kuwa -nge-, lakini -nge- ni kiambishi cha masharti pia. Msomaji wa maelezo ya shahidi anaweza kudhani malipo yalitegemea jambo fulani, ilhali shahidi hakutaja sharti lolote. “Aliuliza kama fedha zitalipwa” huondoa utata huo, kwa kuwa -ta- huhesabiwa kuanzia wakati wa kuuliza.

Kwa hiyo, uendapo kwenye Kiingereza, badili mpangilio na njeo. Urudipo kwenye Kiswahili, dondosha “je”, rekebisha nafsi, kisha uiache njeo ya msemaji mahali pake.